Wembe Shingoni kwa Baba Mkwe

Bonge kinyozi alikuwa na mkono ambao wateja waliusubiri hata kama viti vya jirani vilikuwa vitupu. Mwili ndio uliomsumbua. Mkewe alipoanza kutembea kila alfajiri na kupunguza chakula cha usiku, Bonge alimcheka hadi machozi. "Kwa mwendo huo wa kinyonga, mama watoto, utapungua tukiwa tumeshazeeka." Yeye alitaka njia ya mkato, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa akiuza vidonge vya kupunguza mwili, kwenye kopo lisilo na maandishi yoyote.

Vilifanya kazi, tuseme ukweli. Mkanda ulilegea, hamu ya kula ikapotea, watu wakamsifia. Usingizi nao ukamkimbia, na moyo ukawa unamwenda mbio hata akiwa ameketi. Bonge akajiambia hayo ni mafuta yanayeyuka.

Jumamosi akaja baba mkwe, mzee ambaye hakuwahi kumwachia kinyozi mwingine ndevu zake. Siku hizi alikuwa amepungua, na kila mtu alisema ni umri. Akaketi, akaegemea, akafumba macho. Bonge akampaka povu, akafungua wembe, akausogeza shingoni. Wembe ukatetemeka.

Akaushusha, akakunja ngumi, akaikunjua, akajaribu tena. Ukatetemeka vilevile. Wateja kwenye benchi walikuwa wanapiga soga, hakuna aliyeona. Angeweza kusingizia wembe ni butu, akamalizia kwa mashine, heshima yake ikabaki palepale. Lakini shingo ile ilikuwa ya baba wa mkewe, na mkono ule ndio uliolisha watoto wake. Bonge aliogopa kwelikweli. Akapiga moyo konde.

"Baba, leo sikunyoi."

Mzee akafumbua jicho moja. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea. Nimemeza vidonge vya kukonda kama mtu anayekula karanga, sasa mkono hautulii. Tazama." Akaunyoosha mbele ya wote. "Mama watoto anapungua taratibu na analala fofofo. Mimi nimepungua haraka na wembe unanishinda. Mjinga ni mimi, na leo ndiyo mwisho."

Benchi zima likaangua kicheko, na Bonge akakiacha kipite. Mzee hakucheka. Alitoa mkono wake chini ya kitambaa alichofunikwa, akauweka kando ya ule wa mkwewe. Nao ulikuwa ukitetemeka.

"Binti yangu mdogo, shemeji yako, alinipa kopo la vidonge lisilo na maandishi," alisema kwa sauti ya chini. "Mkono ulipoanza hivi, nilidhani ni uzee. Nimeshaanza hata kugawa vitu vyangu."

Kicheko kikakatika. Bonge akachovya taulo kwenye maji ya vuguvugu, akampangusa povu kidevuni, akamshika mkono kumwinua.

"Twende kwanza zahanati tukapimwe, Baba. Tukitoka huko, unakwenda kudai vitu vyako vyote ulivyogawa."