Madame Anakataa Mutoto

Papa Rigobert alikwenda Lukafu kutafuta kondoo dume mupya, akaniachia zizi yetu ya Annexe, pembeni ya muji. "Léa, uangalie Madame," alisema. "Kama anazala mutoto muke, ule njo mwanzo wa kundi yetu."

Madame njo kondoo yetu ya kwanza, anatembea kama bibi ya patron.

Tantine Annie, dada ya Papa, alitoka Kampemba kunisaidia. Ku kartie yake, kila mutoto anayezaliwa anapita ku mikono yake: anamuogesha, anamupaka mafuta, anamurudisha kwa mama. Nilitoka kidogo kuvuta maji. Kurudi, nakuta Madame amezala, na mutoto iko mu beseni, povu mpaka ku masikio, anasikilika harufu kama bibi arusi.

"Tantine! Unafanya nini?"

"Ninamuogesha. Ulitaka abaki na ile matope? Hata weye nilikuogesha, na angalia vile uko muzuri!"

Mutoto alikuwa muke. Nilimupangusa, nikamuweka mbele ya Madame. Madame alimunusa, akamusukuma na kichwa. Mara ya pili akamuangusha.

"Mama mubaya!" Tantine alimukaripia. "Kwetu Kampemba tungekuitia familia yote!"

"Tantine, anakataa juu ya sabuni. Hasikii harufu ya mutoto yake."

"Basi tumupe maziwa ya chupa, biberon."

"Ule mutoto yake wa mwaka uliopita tulimupa biberon. Tumbo ikavimba, akakufa."

Tantine alifunika mutoto na kikwembe yake. "Léa, nimemuua?"

"Bado."

Nilikuwa naangalia Madame. Kondoo akimaliza kuzala, anatafuta majani. Yeye alikuwa anakwaruza udongo, analala, anaamuka, ananyoosha shingo juu.

"Tungoje," nilisema. "Mwingine iko anakuya."

"Niite jirani amukamate kichwa, mutoto anyonye kwa nguvu!"

"Hapana, Tantine. Ukimusumbua sasa, utaharibu yote."

Tulichuchumaa ku baridi ya mvua. Tantine alianza kuomba pole pole: "Mama Maria, weye unajua mambo ya zizi..."

Miguu mbili ikatokea, kisha pua. Mutoto akateleza chini. Nilikusanya ule ute na maji ya kuzala kwa mikono yote mbili, nikamupaka wa kwanza: kichwa, mugongo, zaidi chini ya mukia, pale mama ananusaka.

"Weee! Na vile nilimuogesha!"

"Njo kuogeshwa kwake huku."

Niliwalaza pamoja, mumoja juu ya mwenzake, nikarudi nyuma.

Madame alilamba wa pili. Akafika ku wa kwanza. Akasimama. Akamunusa chini ya mukia. Sikutikisika. Halafu akatoa ile sauti ya chini, ya ndani ya koo, yenye anatoaka kwa mutoto yake tu, akamulamba na nguvu mpaka mutoto akaanguka. Mutoto akaamuka, akatafuta ziwa ya mama, akapata. Mukia ikatetemeka.

Tantine alifurahi, akasogea kumupangusa matope ku pua. Madame akapiga muguu chini, akainamisha kichwa.

"Nimesikia, mama," Tantine alisema, akarudi nyuma. "Ni wako."