Kona ya Maji Moto

Bomba la maji moto lilikuwa ugomvi wa ndoa. Mume, fundi bomba, ndiye aliyelifunga kwenye tangi la mkewe la samaki wazazi, wale wa kuzalisha vifaranga, akalitoa kwenye kona moja tu. Kona ile ikawa moto, kwingine kote baridi.

"Utanitengenezea lini hili bomba?"

"Kesho, mama watoto."

Kesho hiyo ilikuwa na umri wa miaka.

Kisha virusi vikaingia tangini. Samaki wakasusa chakula, wakatokwa na vidonda, wawili wakafa. Daktari wa mifugo hakumung'unya maneno: dawa hakuna, na vifo vikiendelea mpaka Ijumaa, tangi zima litamwagwa na samaki wote kuangamizwa.  Samaki wale mama watoto aliwalea tangu wakiwa mayai.

Asubuhi moja akawakuta wote wamebanana kwenye kona ya joto. Damu ikamchemka, akampigia mumewe simu.

"Njoo uling'oe bomba lako, linaniulia samaki!"

"Niko njiani."

Fundi akisema yuko njiani, ujue bado anatafuta viatu. Huyu alitokea kesho yake, spana mkononi na uongo wake mdomoni tayari. Akamkuta mkewe kapiga magoti kando ya tangi, anacheka huku machozi yanamtoka. Samaki walikuwa wanatoka konani mmoja mmoja, wanarudi kwenye baridi, na kila aliyerudi alikuwa anakula.

Bwana fundi akaliinamia bomba, spana tayari.

"Weka chini hiyo!" mke akamshika mkono. "Daktari katoka hapa sasa hivi, kasema tangi halimwagwi. Samaki hawezi kujipasha mwili mwenyewe. Akiumwa anaifuata homa kwenye maji moto, kinga yake ipate nguvu ya kupambana na virusi. Akishapona anatoka, kinga itulie, isije ikamgeukia mwenyewe. Kama wewe unavyotupa blanketi homa ikishuka."

Mume akalitazama bomba lake kwa macho mapya. Kifua kikaanza kumvimba.

"Kumbe nilifunga vizuri."

"Ulifunga vibaya. Na jana ungewahi, ungeniulia samaki wote."

"Sasa hayo ni matusi au shukrani?"

Mama watoto alikuwa na furaha hata kununa kukamshinda. Akamnyang'anya spana, akaifungia kabatini.

"Kesho nitakwambia," akasema.