Bitiruti za Manjano

Mwaka mzima Wangui alikuwa amefunga. Kila akina mama wa kanisa walipokutana na chakula kupakuliwa, alishika chupa yake ya maji na kusema, "Mimi leo nimefunga." Mpaka pasta akamtaja kwenye mahubiri kama mfano wa kuigwa. Wangui aliona aibu, akatazama viatu vyake.

Ukweli ni kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na siku moja kule Rongai, mbele ya wageni, ulimmwagia bitiruti kwenye blauzi nyeupe ya sare. Doa lilishinda sabuni, likashinda ndimu, likashinda na jua. Aliificha ile blauzi chini kabisa ya kikapu cha matambara, hakumwambia mtu, akaapa hatakula tena hadharani. Na bitiruti anavyozipenda, jamani!

Leo mkutano ulikuwa kwake, Ndabibi, na mwenye nyumba hawezi kusingizia kufunga. Aliingia jikoni roho mkononi. Mkaza mwanawe, Tabby, mke wa Kiarie, alikuwa akimenya bitiruti zilizochemshwa, ngozi ikitoka kwa kidole gumba tu. Ndani zilikuwa za manjano kama kiini cha yai la kienyeji.

"Hizi zimeharibika?"

"Hapana, Mami, ndio rangi yake. Nilizipanda pale nyuma ya tangi. Onja."

Wangui akaonja. Zilikuwa tamu, laini, na ile ladha ya udongo ilikuwa kidogo sana. Akachukua kipande kingine, kisha akakumbuka kubisha.

"Sasa hii itaniongezea damu aje, na si nyekundu?"

"Mami, rangi si damu. Foleti ya kuongeza damu iko, nyuzinyuzi ziko. Na majani nimekaanga na vitunguu, ni kama spinachi."

Mezani aliketishwa karibu na Cheptanui, katibu wa kikundi, mama ambaye hapitwi na kitu. Bitiruti zilikuja zimekatwa duara, zimekamuliwa ndimu na kunyunyiziwa dania. Wangui akainua uma. Mkono ukaanza vituko vyake, na kipande kikaanguka kifuani, juu ya blauzi mpya nyeupe. Meza nzima ikageuka kumtazama.

Tabby alikuja haraka na tambara lenye maji, akapangusa mara moja. Kikabaki kiraka cha maji tu. Wangui alikitazama, akakitazama tena. Alisikia nafuu mpaka machozi yakamlengalenga.

Ndipo akaliona tambara lenyewe. Lilikuwa na kola, na chini ya kola, doa kubwa jekundu. Akamwangalia Tabby. Tabby akalikunja upesi, akaliingiza mfukoni mwa aproni.

"Mama Kiarie," Cheptanui akauliza, "kwani leo hukufunga?"

"Nilikuwa nimefunga," Wangui akasema, na mkono wake ukiendelea kutetemeka, akausogeza uma kwenye bakuli. "Huyu msichana amenifungulisha."