Haki ya Jembe

Domitila aliiona damu kwenye kandambili kabla mguu haujamwambia kitu. Alikaa kizingitini mwa chumba chake katika kambi ya vibarua, akaugeuza wayo wa kushoto, akautazama. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama wote chini ya kidole gumba. Akauchokoa kwa kucha mpaka ukatoka, na usaha ukaufuata. Hakusikia chochote. Hilo ndilo lililomuudhi. Hata maumivu, ambayo maskini hanyimwi, yeye alinyimwa.

Ndipo akaenda hospitali, mjini Karatu. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole kabisa.

"Sukari yako iko juu sana, mama. Mishipa ya fahamu ya miguu inakufa, ndiyo maana husikii kitu. Sukari isiposhuka, kidonda hiki kitaondoka na mguu."

"Sasa nifanyeje, daktari?"

"Vidonge nakupa, lakini chakula ndiyo dawa. Ugali kidogo, ukubwa wa ngumi yako. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Upate samaki, parachichi, mtindi. Na ufanye mazoezi, mama. Hata kutembea nusu saa tu kwa siku."

Domitila alikuwa ametembea kutoka shamba la kahawa mpaka pale kwa kukosa nauli. Akasema, "Sawa, daktari." Ungemwambia nini mtoto wa watu? Foleni nyuma yake ilikuwa imefika nje.

Samaki na parachichi akavisahau njiani. Kambini chakula kilikuwa sembe, kwa sababu kampuni ilikata sehemu ya mshahara ikawapa vibarua sembe. Asubuhi uji wa sembe, mchana ugali wa sembe, jioni ukipenda usonge tena. Kupanda mboga ilikuwa marufuku. Ardhi ya kampuni, maji ya kampuni. Aliwahi kupanda mchicha kwenye beseni bovu nyuma ya chumba, mlinzi akaja akaumwaga, tena akimwomba radhi. Na wale wanaosema mboga ni chakula cha wanyonge, waende sokoni Karatu wakajionee. Magari ya hoteli za watalii yanafika jua halijachomoza, yanazoa karoti na kabichi zote nzuri, halafu zilizonyauka zinauzwa kwa bei ya zilizoondoka.

Kilichobaki ni mnafu, mboga ya porini. Mvua zikinyesha, huota wenyewe kati ya mistari ya kahawa, nao ni magugu kama magugu mengine. Wanawake wa palizi walikuwa na desturi yao, waliyoikuta kwa mama zao waliotoka Mbulu na Singida kuja kulima mashamba haya: anayepalilia mstari ndiye mwenye mnafu wake. Waliiita haki ya jembe. Hakuna mnyapara aliyewahi kuigusa.

Basi Domitila akashika amri ya daktari kama mtu aliyekula kiapo. Tonge la ngumi moja. Mnafu nusu sahani, umechemshwa bila mafuta, mchungu kweli kweli. Jirani yake Aneth, ambaye walipalilia naye sambamba, alimcheka.

"Mama Modest, unataka kuwa modo uzeeni?"

"Nataka kuzikwa na miguu yote miwili."

Modest mwenyewe, mwanawe, alikwenda Mererani kwenye machimbo na hajarudi mpaka leo. Aneth ndiye aliyekuwa mtu wake. Siku nyingine alimwachia mnafu wa mstari wake pia, ingawa alikuwa na watoto watatu.

Aliporudi hospitali, daktari alitazama kipimo, akatabasamu. "Imeshuka! Kidonda nacho kinaanza kufunga. Usiache, mama. Hivyo hivyo." Domitila alifurahi. Kwa nini nifiche? Alirudi kambini akiimba wimbo wa kanisani, na si mtu wa kuimba.

Haikupita hata wiki. Asubuhi moja Nikodemu mnyapara aliwakusanya mbele ya stoo.

"Majembe rudisheni. Palizi imekwisha. Si ya msimu huu tu, imekwisha moja kwa moja. Sasa tunapiga dawa ya magugu."

"Na sisi?" Aneth akauliza.

"Mtaitwa kahawa ikiiva."

"Tutakula nini mpaka iive?"

"Dada Aneth, mimi ni mnyapara, si Mungu." Akageuka. "Nabakiza watu wanne wa kubeba mabomba ya dawa. Mama Modest, na wewe umo."

"Mguu wangu, bosi..."

"Si ulisema daktari anataka ufanye mazoezi? Haya, kampuni inakulipa ufanye mazoezi! Wenzako wazungu kule lodge wanalipia."

Watu wakacheka. Domitila naye akacheka kidogo, maana Nikodemu alikuwa anamtazama akingoja. Bila kazi hakuna chumba, na bila mshahara hakuna vidonge. Akageuza mgongo, wakamvika bomba. Mnyonge hana haki.

Bomba lilikuwa zito na lilivuja. Dawa ilimteremka kiunoni, ikaingia kwenye buti, na mguu wa kushoto, kama kawaida yake, haukusema lolote. Mkono mmoja ulipampu, mwingine ulielekeza mrija wa dawa. Barabarani wageni wawili wa lodge walipita mbio na viatu vyao vyeupe, wakampungia. "Jambo, mama!" Akawapungia kwa mkono wa kupampu, bomba likazima, Nikodemu akafoka.

Dawa ile haina haraka. Unaupiga mnafu leo, kesho bado ni wa kijani, unapendeza. Siku kadhaa zipite ndipo unaanza kulala. Kwa hiyo wanawake walioachishwa waliingia mistarini mbele ya mabomba, wakichuma kwa mikono miwili na kutupia kwenye kanga. Aneth alichagua mstari wa Domitila.

"Ongeza mwendo!" Nikodemu akapaza sauti kutoka barabarani. "Wanakuchezea hao!"

Domitila akaongeza mwendo. Mgongo wa Aneth ukawa karibu, ukawa karibu zaidi, mpaka manyunyu ya dawa yakamgusa visigino.

"Dada, ngoja kidogo basi!"

"Siwezi. Ananitazama."

"Ebo! Hata mimi?"

Mkono wa Domitila uliendelea kupampu. Aliuona, akaushangaa, kama vile ni wa mtu mwingine. Alipompita Aneth, mwenzake aliinuka, akatazama kanga yake isiyojaa, kisha akageukia kule Domitila alikotoka.

"Huko nimeshapiga!" Domitila akasema kupitia kitambaa alichojifunga mdomoni.

"Maji ya kuosha yapo," Aneth akajibu, akainama.

Jioni Aneth alikuja na bakuli lililofunikwa sahani. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

"Nimekuchemshia, bila mafuta, vile daktari alivyosema. Usiniambie umeshiba."

"Asante, dada. Umeuchuma wapi?"

"Shambani. Kwani kuna kwingine?"

"Mbele yangu au nyuma yangu?"

Aneth akafikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, akikunja uso.

"Ulikuwa unakwenda mbio sana. Nilichanganya wote kwenye kanga moja." Akasita. "Niliuosha vizuri, maji mara tatu. Watoto wamekula, wamelala."

"Wamelala mapema hivi?"

"Wamechoka tu."

Domitila alinawa mikono. Akapakua ugali, ukubwa wa ngumi yake. Akapakua mnafu mpaka ukafunika nusu ya sahani, kama alivyoagizwa. Ulikuwa wa kijani na ulinukia vizuri. Akamega tonge, akalishika.

Aneth alikuwa bado amesimama mlangoni. Alikuwa anangoja bakuli lake.