Safu ya Kumi na Sita

Mkono ulimteleza tu. Karakana nzima hupima mashine kwa kasi ya mbili nukta tano, ndiyo desturi yao tangu milango ifunguliwe, lakini asubuhi hiyo Bi Lenzi akabonyeza saba nukta nne. Kioo kikamwandikia 74, waziwazi, bila haya.

"Weee! Nukta iko wapi?"

Jina la Bi Lenzi walimpa kwa ajili ya lenzi anayoning'iniza shingoni, naye hakujali mradi kazi iende. Mbele yake zilipangwa mashine arobaini za kusukuma dawa mshipani kidogo kidogo, zikisubiri saini yake ziende wodi ya watoto. Akaushuku waya, akaubadilisha, wapi! Akaisoma programu mstari kwa mstari, nukta imo. Basi akainama na lenzi, akaanza kuhesabu safu za vitone vya mwanga. Kioo cha zamani: kumi na sita. Vioo vipya, walivyoletewa mwezi uliopita: kumi na tano. Tarakimu zinaishia ya kumi na tano, na aliyechora nukta aliiweka chini yake, kwenye safu ambayo sasa haipo.

Mwezi mzima hakuna aliyeona! Si vipofu, ni mazoea. Kioo kikiandika 25, wao wanasoma mbili na nusu. Yeye mwenyewe alishasoma hivyo kwenye mashine kumi na moja, na hilo lilimkera kuliko yote.

Meneja alipoingia, tai shingoni, alisikiliza nusu tu. Huyu ni mjomba wake, mdogo wake mama, na ndiye aliyemtafutia kazi.

"Saini, mama. Wageni wa hospitali wanafika saa nane."

"Sisaini. Nipe siku tatu nizifungue zote, niipandishe nukta safu moja."

"Siku tatu! Tutabandika karatasi: kumbuka nukta. Wauguzi si wajinga."

"Na karatasi ikibanduka?"

"Usinivunjie heshima mbele ya watu. Mama yako atasemaje?"

"Mjomba, nyumbani ukiniambia nipige magoti, napiga. Hapa sisaini ng'o. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mafundi wakajifanya wanatafuta bisibisi.

"Basi weka funguo za karakana mezani," Meneja akasema. "Nitasaini mwenyewe."

Akaziweka. Kazi nyingine hana, lakini hakuondoka. Akavuta kiti, akaketi kando ya mashine yake, mikono kifuani. Liwalo na liwe.

Wageni wakaja, na mbele yao Sista, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mwanamke mfupi asiye na muda wa hotuba. Meneja hajamaliza kukaribisha, Bi Lenzi akamgeuzia kioo.

"Sista, nisomee hapo."

"Sabini na nne."

"Saba nukta nne," Meneja akadakia, akicheka peke yake. "Ni kioo tu, Sista. Ukishazoea, unaiona."

"Naiona wapi?"

Meneja akanyoosha kidole, akagusa kioo kati ya saba na nne. Hapakuwa na kitu. Kidole kikabaki palepale.

"Nina mtoto wa kilo mbili kitandani," Sista akasema. "Nimpe dawa ya kwenye kioo, au ya kwenye kidole chako?"

Meneja akakishusha kidole. Akaziokota funguo, akamsogezea mpwa wake.

"Haya, chukua. Anza kufungua."

Bi Lenzi hakuzigusa. Akavuta rundo la fomu arobaini, akaliweka mbele ya Meneja na kalamu juu.

"Kwanza andika kwenye kila fomu kwamba mashine imekataliwa. Kwa mkono wako, Mjomba."

Meneja akawatazama wageni. Akamtazama Sista, ambaye alishavuta kiti. Akaketi, akaandika ya kwanza.