Mgongo Unaongojwa Nyumbani

Haya nilisimuliwa na mtoto wa dada yangu, juzi, tukichambua mchele mlangoni pake, mguu wake mbovu kaunyoosha juu ya kigoda. Ni habari ya mumewe.

Mumewe ni mchukuzi kwenye ghala la saruji. Pale wana desturi yao: mwanamume hubeba mfuko begani, hashiki toroli. Toroli lipo, limeegemezwa ukutani, la wazee na wagonjwa. Wenzake walimwita Winchi, na jina lile lilimlevya. Siku moja wakamtia ndimu, akabeba mifuko miwili kwa mpigo. Wakampigia makofi.

Jioni akarudi kumwinua mkewe ampeleke bafuni, kama kila siku tangu avunjike nyonga. Alipomfikisha nusu, mgongo ukakataa. Wakajikuta sakafuni wote wawili, yeye kamkumbatia ili asigonge chini, mpaka jirani alipokuja kuwainua. Maskini, mke alikuwa ameshajikojolea.

Asubuhi Winchi akaenda moja kwa moja kwenye toroli.

"Haya, mama!" mmoja akapaza sauti. "Unampeleka mtoto kliniki?"

"Mwacheni, huenda ana mimba," akadakia mwingine. Ghala zima likaangua kicheko.

Akapakia mfuko. Akapakia wa pili. Gurudumu lililia kwa kukosa grisi, likamtangaza kila alikopita.

"Winchi, kweli wewe? Mgongo umeuacha wapi?"

"Ninao," akasema bila kugeuka. "Kuna mtu anaungoja nyumbani."

Bado walicheka. Walicheka mpaka saa ya kufunga, na tangu siku ile jina la Winchi hawakumwita tena.

Jioni alinawa mikono, akapiga goti kando ya kitanda.

"Nishike shingo."

"Utaweza, baba?"

"Wewe nishike tu."

Akamwinua taratibu, akampeleka, akamwosha, akamrudisha. Kisha akajilaza ubavuni pake, na usingizi ukamchukua hata viatu hajavua.

Mtoto wa dada yangu anasema alibaki macho kidogo, akisikiliza pumzi za mumewe. Saruji ilikuwa imemganda kwenye nyusi. Akanyoosha mkono, akaanza kuifikicha, punje moja moja, polepole, mpaka vidole vikalegea vyenyewe, vikatulia pale pale usoni pake.