Fundi Sikio na Gurudumu la Nyuma

Mlango wa abiria wa ile pikapu ulikuwa haufunguki kwa ndani. Kitasa kilishavunjika zamani, na mwenye gari, mume wa dada mdogo wa fundi, alikuwa akisema hiyo ni faida, maana abiria hatoroki kabla hajafika. Siku zote fundi aliucheka utani huo. Mchana huu, akiwa amebanwa kati ya mlango na bega la dada yake, hakuona cha kuchekesha.

"Leo hushuki," shemeji alipaza sauti juu ya injini, "mpaka uniambie ni nini kinachonguruma huko nyuma. Ulisema beringi ya kushoto, tukaibadilisha. Bado inanguruma vilevile! Na kesho nateremka mlima na mzigo wa mbao, mdogo wako huyu yuko humu humu."

"Endesha tu, shemeji. Nasikiliza."

Uongo mtupu. Hakuwa akisikia kitu.

Watu walimwita Sikio, na hawakumtania. Kwa miaka ishirini alikuwa akipanda gari la mteja, anafumba macho, anamwambia dereva azunguke uwanja mara mbili, kisha anautaja ugonjwa kabla gari halijasimama. Wengine walikuja kumtazama tu. Jeki yake aliificha nyuma ya matairi mabovu, na akimwona fundi mwenzake anainua gari ili atikise gurudumu, alimcheka mbele za watu: "Tikisa, ndugu yangu, tikisa. Sisi wengine tumepewa masikio." Alikuwa na maringo, hilo tusimfichie.

Kisha masikio yakaanza kumsaliti. Kwanza ilipotea ile sauti nzito ya chini, ndiyo hasa sauti ya beringi inayokufa. Halafu yakapotea maneno ya upole, akabaki na ya kupigiwa kelele na yale aliyoyasoma midomoni. Angemwambia nani? Fundi Sikio asiyesikia! Gereji ingefungwa kwa vicheko. Basi akajibunia ujanja. Aligundua kwamba dereva anayeudhiwa na sauti hutupa jicho kule inakotoka, hata asipojijua. Akaacha kufumba macho, akawa anasoma macho ya wateja. Mwaka mzima alikula kwa njia hiyo.

Kwa shemeji ndipo ujanja ulipomtokea puani. Siku ile ya kwanza shemeji alitupa jicho kushoto, fundi akatamka, "Kushoto." Kumbe mwenzake alikuwa akitazama pikipiki iliyotaka kuwapita.

Sasa walikuwa wakizunguka uwanja mtupu nyuma ya maghala, mzunguko wa saba huu. Shemeji amevaa miwani myeusi, macho hayaonekani. Fundi alibonyeza nyayo sakafuni apate walau mtetemo. Gari zima lilitetemeka kwa mashimo. Huenda ni beringi ya kulia. Huenda ile mpya ya kushoto ilifungwa vibaya. Huenda ni matairi tu yaliyolika upande. Akikisia na kupatia, siri yake inapona. Akikosea, mdogo wake anateremka mlima juu ya gurudumu linalotaka kuchomoka. Alitamani kushuka, na mlango ni ule ule.

Dada yake alikuwa akimtazama muda wote kwa pembe ya jicho. Kisha akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio na kusema neno. Fundi alihisi tu bega lake likisogea, akadhani anaulizwa kuhusu sauti.

"Ndiyo, nimeisikia," akajibu kwa utaalamu. "Kwa mbali kidogo."

Breki zikapigwa, wote watatu wakasukumwa mbele. Shemeji alivua miwani. Dada akamgeukia kaka yake uso kwa uso, akasema polepole, "Nimekwambia mlango wako uko wazi, kaka. Hukutikisika hata kidogo."

Amepatikana. Angeweza kujitetea, ulimi alikuwa nao, lakini alikuwa amechoka, amechoka kabisa.

"Sisikii," alisema. "Mwaka sasa. Nimewadanganya, na aibu inaniua."

Hakuna aliyecheka. Shemeji alishuka, akazunguka, akamfungulia mlango. Akavuta jeki chini ya kiti na kumwekea mikononi, naye fundi, mbele ya dada yake, akapiga magoti mchangani kama mafundi wote aliowahi kuwadhihaki.

Akainua upande wa kulia. Akashika gurudumu kwa juu na kwa chini, akatikisa. Likacheza! Juu likaingia, chini likatoka, kama jino bovu. Akalizungusha kwa mkono mmoja, mwingine kaulaza juu ya springi, na vidole vikapokea mkwaruzo wa chuma kilichokwisha. Mikono ilikuwa inajua kazi muda wote, haikuwa ikiulizwa tu. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Alifungua nati, akachomoa gurudumu, akamwita shemeji aje aone grisi ilivyoungua na kuwa nyeusi.

"Kulia! Shemeji, ni kulia! Kesho msiende popote!"

"Jeki kumbe inasema," shemeji alimtania, akampiga begani, na fundi akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mwaka mzima hakuwahi kujisikia mwepesi namna ile.

Dada yake ndiye hakucheka. Alikuja akasimama mbele yake, karibu, ili amwone midomo.

"Kaka. Na basi la shule?"

Kicheko kikakatika. Jumatatu dereva wa basi la shule alimletea basi hilo, eti kuna kitu kinavuma nyuma. Walizunguka uwanja mara mbili. Dereva yule hakutupa jicho popote, ana tabia ya kukodolea barabara, na Sikio akampiga kofi la begani: zima, halina kitu, kapakie watoto wako. Hakushika hata gurudumu moja.

"Wapwa zako wamo," dada alisema. "Saa hizi wameshatoka shule, wako njiani."

Fundi alirukia pikapu. Ilikuwa imekaa juu ya jeki, gurudumu liko chini mchangani, nati zimetawanyika. Akapapasa mifuko, akatoa simu, akatafuta jina la dereva kwa vidole vyenye grisi, akabonyeza na kuiweka sikioni. Aliisubiri hivyo kwa muda, kwa mazoea, mpaka dada yake akamnyang'anya.

Akaiweka sikioni mwake mwenyewe. Labda ilikuwa inaita, labda ilikuwa haiiti. Fundi hakuwa na namna ya kujua. Alisimama mbele yake, mikono imejaa grisi, akiikodolea macho midomo ya dada yake, na midomo haikusogea.